Hujafa Hujaumbika: Ulemavu na Uzee katika Historia ya Rwanda



Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Methali hii huwafunza watoto wasimcheke mwenye ulemavu, kwa kuwa aliye mzima leo hajui atakavyokuwa kesho. Lakini ina maana ya pili ambayo hatuitaji mara nyingi. Yule ambaye tayari ana ulemavu naye hajamaliza kuumbika. Naye anazeeka. Mguu uliokatwa akiwa kijana utamsumbua kwa namna nyingine akifika miaka 60. Mama aliyemlea na kumvusha barabara atachoka, kisha atafariki.

Katika somo la leo nataka tuitazame historia ya nchi yetu kwa jicho hilo la pili. Nitaonyesha kwamba Rwanda imejenga msaada kwa watu wenye ulemavu kwa hatua tatu: kwanza ukoo na majirani, kisha taasisi za huruma, na hatimaye sheria. Kila hatua ilikuwa na heshima yake. Hata hivyo, kila moja ilimwona mwenye ulemavu kama mtoto wa kufundishwa au kijana wa kutibiwa majeraha. Ni mara chache alipoonekana kama mzee mtarajiwa. Sasa muda umefika, na kizazi kizima kinaingia uzeeni kwa pamoja.

Tuanze na maneno

Mimi ni mwalimu wa lugha, basi niruhusu nianzie hapo. Tazama maneno ya zamani ya Kiswahili: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Yote yana kiambishi ki-, kile kile cha kiti na kikombe. Sasa ongeza neno moja zaidi: kikongwe. Mzee aliyedhoofika naye ametiwa katika kundi hilo hilo. Sarufi, hata hivyo, imewaokoa wote. Hatusemi "kipofu kimefika". Twasema "kipofu amefika". Umbo la neno limemfanya kitu, upatanisho wa sentensi umemrudisha kuwa mtu.

Kinyarwanda kilikuwa na neno lenye historia kama hiyo. Mtu mwenye ulemavu aliitwa ikimuga, neno linalobeba picha ya chombo kilichovunjika. Leo sheria na adabu zinatutaka tuseme umuntu ufite ubumuga, yaani mtu mwenye ulemavu. Mtu ametangulia, ulemavu umefuata. Kwa kuwa Kiswahili nacho kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, inatupasa tuingie nacho katika adabu hiyo.

Nimetaja haya kwa sababu moja. Lugha zetu za kale ziliwaweka mlemavu na mkongwe katika ngeli moja, kwa kuwa zilijua kwamba maisha yao yanakutana. Tutaona jinsi taratibu zetu za kisasa zilivyowatenganisha.

Ingobyi: ukoo na majirani

Kabla ya hospitali na wizara, msaada ulikuwa nyumbani. Neno ingobyi linaeleza jambo hili vizuri. Ingobyi ni ngozi ambayo mama alimbebea mtoto mgongoni. Ingobyi pia ni machela ya kusuka ambayo majirani walimbebea mgonjwa begani, wakishuka kilima kimoja na kupanda kingine. Binadamu alibebwa mwanzoni mwa maisha na akabebwa tena aliposhindwa kutembea, na chombo kikaitwa kwa jina lile lile. Majirani waliungana katika vikundi vya kubebana. Jirani zetu wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wana vikundi vya namna hiyo vinavyoitwa engozi, na asiyefika kwa zamu yake hutozwa faini. Kubeba mgonjwa lilikuwa deni la kila mtu.

Tusiusifu utaratibu huo kupita kiasi. Nguvu yake ilitegemea watoto. Katika jamii ya wakulima na wafugaji, watoto ndio waliokuwa akiba ya uzeeni. Mwenye ulemavu aliyenyimwa ndoa alinyimwa pia watoto wa kumlisha atakapokongoka. Aliishi kwa kaka, baadaye kwa mtoto wa kaka, na kila kizazi kilipopita deni lilizidi kufifia. Kwa hiyo upungufu ninaouzungumzia haukuletwa na usasa. Ulikuwapo tangu zamani, ila wachache tu ndio waliofika umri wa kuuona.

Gatagara: miaka ya huruma

Mwaka 1960 padri mzaliwa wa Ubelgiji, Joseph Fraipont, ambaye baadaye alipata uraia wa Rwanda na kujulikana kwa jina la Ndagijimana, alianzisha kituo huko Gatagara, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Nyanza. Watoto waliofika huko walikuwa wakitambaa. Wengi walikuwa wamepooza miguu kwa polio. Kituo kiliwapa magongo na vyuma vya kuimarishia miguu, kikawafundisha kusoma na kazi za mikono, kikawarudisha kwao wakiwa wamesimama. Fraipont alifariki mwaka 1982, lakini kazi iliendelea na kuenea: shule ya wasioona huko Rwamagana, kituo cha Gikondo hapa Kigali, na kingine Huye.

Ukubwa wa mapinduzi hayo usipuuzwe. Mtoto aliyefichwa nyuma ya nyumba alionekana kwa mara ya kwanza darasani. Lakini angalia umri wa waliolengwa. Gatagara ilikuwa kazi ya watoto. Vivyo hivyo hospitali ya mifupa ya Rilima, kule Bugesera, imejulikana zaidi kwa upasuaji wa watoto. Mantiki yake inaeleweka, maana mfupa wa mtoto hunyooka kwa urahisi, na anayesimama akiwa na miaka 8 ana maisha marefu mbele yake.

Sasa fanya hesabu. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 mwaka 1965 alitimiza miaka 60 mwaka 2017. Na polio ina tabia ambayo waganga wa Gatagara ya kwanza hawangeweza kuiona kwa watoto wao. Miaka 15 hadi 40 baada ya ugonjwa kupona, misuli iliyofanya kazi ya ziada kwa muda mrefu huanza kuchoka upya. Mtu aliyetembea kwa magongo maisha yake yote hujikuta hawezi tena kusimama. Mgonjwa wa mwisho wa polio nchini alipatikana mwaka 1993. Ugonjwa tumeuaga, waliougua wangali nasi, na sasa ni wazee.

1994 na mzigo wake mrefu

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaua zaidi ya watu 1,000,000 katika siku 100. Yaliwaacha pia manusura wengi wakiwa wamekatwa viungo, wamepigwa vichwani, wamepofushwa, au wamejeruhiwa nafsi. Hapa ndipo hatua ya kwanza, ile ya ukoo, ilipovunjwa kabisa. Idadi ya waliohitaji kubebwa iliongezeka ghafla, na wale ambao wangewabeba walikuwa wameuawa.

Taifa lilijibu. Mwezi Januari 1995 wajane wa mauaji hayo walianzisha chama chao, AVEGA Agahozo. Mwaka 1998 serikali iliunda mfuko wa kuwasaidia manusura wahitaji, FARG, uliogharimia matibabu, shule na makazi, na mwaka 2021 majukumu yake yakahamia katika wizara mpya ya umoja wa kitaifa na uwajibikaji wa kiraia, MINUBUMWE. Wapiganaji wa zamani waliopata ulemavu vitani walitungiwa sheria yao mwaka 2007.

Wapo walioonyesha kwamba mwili uliojeruhiwa bado una mengi ya kutoa. Mwaka 2012, kwenye Michezo ya Paralimpiki ya London, timu ya wanaume ya Rwanda ya mpira wa wavu wa kukaa ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kushiriki mchezo huo, na ndani yake walikuwamo waliowahi kupigana wakiwa pande mbili adui. Wanawake walifuata Rio mwaka 2016, nao wakiwa wa kwanza kutoka ukanda huu. Dunia ilipiga makofi.

Lakini makofi hayazuii miaka. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1994 atatimiza 60 mwaka 2029. Msaada wa miaka ile ulilenga kumponya, kumsomesha na kumpa nyumba. Mahitaji ya miaka ijayo ni ya namna nyingine, na yatadumu kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Chukua mfano kutoka mbali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikwisha mwaka 1865. Malipo ya mwisho ya pensheni ya vita hivyo yalikoma mwaka 2020, alipofariki binti wa askari mmoja akiwa na umri wa miaka 90. Aliendelea kulipwa kwa sababu alikuwa na ulemavu tangu utotoni. Serikali iliyopigana vita ile ilikuwa bado inalipa deni lake baada ya miaka 155.

Sheria na sentensi mbili

Hatua ya tatu ilianza na Katiba ya mwaka 2003. Katika Bunge la Wawakilishi lenye viti 80, kiti 1 kilitengwa kwa mwakilishi wa watu wenye ulemavu. Tarehe 20 Januari 2007 ilitiwa saini sheria namba 01/2007 ya kuwalinda watu wenye ulemavu kwa jumla. Mwezi Desemba 2008 Rwanda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mwaka 2011 likaundwa Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, NCPD, ambalo kamati zake zinashuka hadi katika ngazi za mitaa. Kwa hatua hiyo, msaada uliacha kuwa sadaka ukawa haki. Na tofauti ya sadaka na haki ni hii: sadaka hushukuriwa, haki huulizwa.

Sasa nakuomba usome ibara ya 51 ya Katiba kama ilivyorekebishwa mwaka 2015. Inaitaka serikali, kwa kadiri ya uwezo wake, ichukue hatua maalumu kwa elimu na ustawi wa watu wenye ulemavu. Kisha, katika sentensi nyingine, inaitaka ichukue hatua kwa ajili ya maskini wasiojiweza, wazee na makundi mengine dhaifu. Ni sentensi mbili, moja kwa ulemavu na nyingine kwa uzee. Mwaka 2021 serikali ilipata sera mbili pia: moja ya watu wenye ulemavu na nyingine ya wazee.

Je, mtu mwenye ulemavu aliyezeeka anasoma haki yake katika sentensi ipi? Jibu la haraka ni kwamba anasoma zote mbili, na kisheria ni kweli. Lakini katika utendaji, mwenye haki katika ofisi mbili mara nyingi huelekezwa na kila moja kwenda kwa nyingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliiona hatari hii. Unapozungumzia hifadhi ya jamii, unawataja waziwazi wazee wenye ulemavu kama kundi la kuangaliwa kwa namna ya pekee. Umoja wa Afrika nao, katika itifaki yake ya mwaka 2018 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, uliwatengea wazee hao ibara yao.

Mwili unapoongeza miaka

Ili tuelewe kwa nini sentensi mbili hazitoshi, tuutazame mwili wenyewe. Kuna anayepata ulemavu kwa sababu amezeeka, na kuna anayezeeka akiwa tayari na ulemavu. Njia zao hukutana, lakini hazifanani.

Mwenye mguu bandia huhitaji kubadilishiwa kila baada ya miaka michache, na kadiri anavyozeeka kisiki cha mguu hubadilika umbo na ngozi yake huchubuka upesi. Aliyesukuma kiti cha magurudumu kwa miaka 30 huharibikiwa mabega, na kwake mabega ndiyo miguu. Asiyeona huvuka barabara ya Nyabugogo kwa kusikiliza; masikio yakianza kuziba, amepoteza jicho la pili. Kiziwi husikia kwa macho na kusema kwa mikono. Macho yakifanya ukungu na vidole vikikakamaa kwa yabisi, amefungwa mdomo na masikio kwa pamoja. Kwa mtu mwingine haya ni maradhi madogo ya uzee. Kwake ni kupoteza kile alichokijenga maisha yote ili afidie alichokosa.

Kwa wenye ulemavu wa akili, uzee wenyewe ni jambo jipya katika historia. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto mwenye hali iitwayo Down hakutarajiwa hata kufika miaka 10. Leo, katika nchi zenye matibabu mazuri, wengi hufika 60. Ni ushindi mkubwa, ila umeleta swali ambalo kila mzazi wa mtoto kama huyo hulibeba kimya: nikifa, atabaki na nani?

Rwanda nayo inaongeza miaka. Kwa mujibu wa sensa, matarajio ya maisha yalikuwa miaka 51.2 mwaka 2002, yakawa 64.5 mwaka 2012, na kufikia 69.6 mwaka 2022. Sensa hiyo ya 2022 ilihesabu watu 391,775 wenye ulemavu kati ya wenye umri wa miaka 5 na kuendelea, sawa na asilimia 3.4. Tumeshinda vita vya kuishi; sasa tuna kazi ya kuzeeka.

Pengo liko wapi?

Tazama vyombo tulivyo navyo. Pensheni ya hifadhi ya jamii, iliyokuwapo tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, humlipa aliyeajiriwa na kuchangia. Aliyenyimwa shule kwa sababu ya ulemavu hakuajiriwa, na asiyeajiriwa hana pensheni. Ubaguzi wa ujanani humdai mtu mara ya pili uzeeni. Mpango wa Ejo Heza, uliozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2018, umewafungulia mlango wasio na ajira rasmi, nao ni hatua njema. Lakini kuweka akiba kunataka kuwe na cha kuweka. Bima ya afya ya jamii, mituweli, imewafikia wengi, ila mgonjwa lazima kwanza afike kituoni. Hapa Kigali, jiji la vilima, anayeishi chini ya ngazi za mawe za Kimisagara hupimwa na ngazi hizo kabla hajapimwa na daktari.

Mpango wa VUP, ulioanza mwaka 2008, hutoa fedha kwa kaya maskini zisizo na mtu mwenye nguvu ya kufanya kazi. Katika kanuni hiyo ya awali, binti mzima wa afya anayekaa nyumbani kumtunza baba yake alihesabiwa kuwa ni nguvu kazi, ingawa mikono yake ilikuwa imeshatekwa. Baadaye mpango uliongeza kazi nyepesi za karibu na nyumbani kwa kaya zenye mtu mmoja tu wa kufanya kazi na mzigo wa malezi. Mabadiliko hayo yanatufunza jambo: kanuni ikisomwa na wanaoishi nayo, hurekebishika.

Tunao pia mfano wa kutuongoza. Wazazi wazee waliopoteza watoto wao wote mwaka 1994, ambao taifa limewapa jina la heshima Intwaza, walijengewa nyumba za pamoja zinazoitwa Impinganzima, huko Huye, Bugesera, Rusizi na Nyanza, kwa juhudi za Unity Club Intwararumuri. Humo hawakai kama wagonjwa wodini. Wanaishi pamoja, wanatunzwa na kutembelewa na vijana. Taifa lilikiri kwamba pale ukoo ulipokatwa, jamii yote inakuwa ukoo. Sisemi kila mtu mwenye ulemavu apelekwe katika nyumba kama hizo. Wengi wangependa kuzeeka mtaani kwao, karibu na jirani wanayemjua. Nasema kwamba msingi wa fikra hiyo unaweza kupanuliwa: mtu asiye na wa kumbeba ni wa wote.

Wajibu wa raia

Msomaji wangu, elimu ya uraia isiyofika mlangoni kwako ni porojo. Basi haya ni mambo matatu yaliyo katika uwezo wetu.

La kwanza, tuhesabu kwa majina. Katika umudugudu wako, nani ana ulemavu na amevuka miaka 50? Nani anamtunza, na mtunzaji huyo ana umri gani? Swali la pili ndilo linalosahaulika. Mkutano wa baada ya umuganda ni mahali halali pa kuliuliza.

La pili, tuombe upimaji mpya. Utaratibu wa mwaka 2009 uliweka ulemavu katika madaraja matano kwa asilimia. Aliyewekwa katika daraja fulani akiwa na miaka 30 hana mwili ule ule akiwa na 60. Karatasi isibaki kijana wakati mwenyewe amezeeka.

La tatu, tuwaulize wenyewe. Kamati za watu wenye ulemavu zipo, na vyama vyao vipo, kikiwamo cha wasioona na cha viziwi. Wazee wao wanajua ni ngazi ipi inayowashinda na ni dawa ipi isiyopatikana. Mipango inayotungwa bila wao hukosea mahali padogo panapoumiza sana.

Babu zetu walipobeba ingobyi, hawakuuliza kama aliyemo ndani ni mgonjwa, mlemavu au mzee. Waliuliza tu nani atashika upande wa pili. Sheria zetu zimefanya kazi kubwa ya kumtambua kila mmoja kwa jina lake. Kilichobaki ni kuziunganisha zile sentensi mbili katika maisha ya mtu mmoja, kabla ya mwaka 2029 kutufikia.

Maswali ya kutafakari

1. Kwa nini wingi wa watoto haukuwa kinga ya kutosha ya uzeeni kwa mtu mwenye ulemavu katika jamii ya zamani?
2. Eleza kwa mifano tofauti kati ya kupata ulemavu kwa uzee na kuzeeka ukiwa na ulemavu.
3. Soma ibara ya 51 ya Katiba. Ungeiandikaje sentensi ya tatu?